Kukagua tanki kubwa la samaki lililotumika kabla hujalipa: kioo, silikoni, stendi na mabomba

Tanki langu la kwanza kubwa nililinunua kwenye nyumba moja ya Nyakato, hapa Mwanza. Lilikuwa kavu, limeegeshwa stoo, limefutwa vumbi mpaka linang'aa. Nililipa, nikalipakia, nikalijaza maji siku hiyohiyo kwangu Kitangiri. Saa tisa usiku niliamshwa na sauti ndogo ya maji yakichuruzika, kama vile kuna mtu kasahau kufunga koki. Hakukuwa na kishindo chochote. Kwenye kona ya nyuma kushoto silikoni ilikuwa imeachana na kioo kwa urefu wa kiganja, na maji yalishapita chini ya mlango kwenda kwa jirani. Asubuhi, tanki likiwa tupu, niliinama nikaimulika ile kona kwa tochi ya simu. Kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Ulikuwepo tangu Nyakato, ila mimi sikuinama.

Tangu siku hiyo sinunui tanki kwa macho ya kusimama, na wenzangu wakiniomba niwasindikize kwa muuzaji naenda, iwe Isamilo, Igoma au Buhongwa. Haya ninayoandika ndiyo ninayoyafanya nikifika.

Simkatishi mtu tamaa ya kununua kilichotumika. Kioo kipya cha milimita 12 ni ghali, na fundi anayeweza kukiunganisha kikashika maji nusu tani si kila fundi wa madirisha. Isitoshe, wengi wetu huku tunataka tanki refu kwa sababu ya furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Dume la Pundamilia nyererei, yule furu aliyepewa jina la Mwalimu, hulinda mwamba wake kwa nguvu. Ukimweka kwenye tanki la sentimita 80 pamoja na madume wenzake, atawamaliza. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na nyingi zilitoweka miaka ya 1980 sangara alipoenea. Mtu anayewafuga anawajibika kuwapa nyumba isiyovunjika.

Anza na hesabu

Kabla ya kutoka nyumbani, mwombe muuzaji vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Zidisha kwa sentimita, gawa kwa 1,000, upate lita. Nitatumia tanki la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 katika mwongozo wote huu, kwa kuwa ndilo saizi inayouzwa sana na watu wanaohama. Hilo ni lita 648, na maji yake peke yake ni kilo 648. Kioo cha milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tanki hili lina karibu mita nne za mraba, kwa hiyo ongeza kilo 120 hivi. Weka stendi, mchanga na mawe, unakaribia kilo 900 juu ya eneo la mita moja ya mraba na kidogo.

Nyumba ya chini yenye sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri hubeba mzigo huo. Ghorofani ni habari nyingine. Sakafu ya makazi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, ukichukulia chumba kizima. Hapo usikisie, mwite mhandisi aangalie mihimili inapita wapi.

Kuna jambo moja ambalo nikilisema watu wengi hushangaa: kinachosukuma kioo ni kina cha maji, wala si wingi wake. Tanki la mita mbili na la mita moja, yote yakiwa na kina cha sentimita 60, yana mgandamizo uleule pale chini. Urefu unachobadilisha ni jinsi kioo kinavyopinda katikati, maana kona ziko mbali. Kioo cha mbele cha tanki letu husukumwa na nguvu sawa na kilo 324 likijaa. Kwa kina hicho na urefu huo, mimi sikubali kioo chembamba kuliko milimita 12, na kiwe na mikanda ya juu. Nikikuta milimita 10, natoa pongezi kwa usafi wa tanki, naaga.

Maswali ya simu ni manne: limekaa kavu muda gani, lilikaa wapi, limewahi kuvuja au kurekebishwa, na je, ipo picha yake likiwa na maji? Tanki lililokaa uani juani miaka miwili, watoto wakikalia ukingo wake, lina hatari kuliko lililokuwa na samaki mpaka jana. Na muuzaji akikuambia "halijawahi kuvuja, bosi", pokea kwa heshima, kisha nenda na tochi.

Kioo kwanza

Beba tepu, tochi, kipande cha nguo yenye maji, uzi wa uashi, leveli na kadi ngumu kama ya benki. Omba tanki livutwe kutoka ukutani. Asiyetaka ulione upande wa nyuma anakuambia kitu tayari.

Futa kioo, kisha mulika tochi kwa pembeni, mwanga uteleze juu ya uso wake. Mikwaruzo itaonekana yote. Pitisha ukucha juu ya kila mmoja. Usioshika ukucha ni wa sura tu, unapunguza bei. Unaoshika ukucha katikati ya kioo cha mbele, au karibu na ukingo wa chini, unanifanya nifikirie mara mbili.

Halafu tembea na kidole, polepole, kwenye kingo zote. Unatafuta sehemu zilizomeguka kama ganda la konokono. Kumeguka kudogo kwenye pembe ya juu, ambako hakujafika kwenye silikoni, kunavumilika. Kumeguka katikati ya ukingo wa juu wa kioo kirefu ni kubaya zaidi, kwani hapo ndipo kioo huvutika kikipinda. Na ufa, hata uwe wa sentimita mbili, ni mwisho wa mazungumzo. Ufa hauzibwi kwa silikoni. Utaendelea kutembea.

Angalia pia kama kioo cha chini ni cha kawaida au kimechomwa kwa joto ili kiwe kigumu. Hiki cha pili hakitobolewi: ukiweka biti ya kutoboa, kinapasuka chote vipandevipande. Mara nyingi kina muhuri mdogo kwenye kona. Usipouona, tumia miwani ya jua ya polaroidi na skrini nyeupe ya kompyuta mpakato: weka skrini upande wa pili wa kioo, vaa miwani, geuza kichwa taratibu mpaka skrini iwe giza. Ukiona madoa au mistari ya kivuli ndani ya kioo, ni kile cha kuchomwa. Kama ulipanga kuongeza shimo la bomba, mpango huo umeishia hapo.

Silikoni mbili, usizichanganye

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya kila kona kuna silikoni ya aina mbili za kazi. Ipo inayobeba: ile iliyo katikati ya kioo na kioo, nyembamba, ambayo huioni isipokuwa ukiangalia kona kwa nje. Na ipo inayoziba: ule ukanda mnene wa ndani unaoonekana, ambao kazi yake ni kuilinda ya kwanza. Watu hukagua ya kuziba, ikiwa imechakaa wanaogopa, ikiwa mpya wanafurahi. Mimi ikiwa mpya ndipo naingiwa na wasiwasi. Ukanda mweupe unaometa kwenye tanki la miaka kumi unauliza swali: lilikuwa linavuja wapi? Zaidi ya hapo, silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani. Fundi aliyepaka tu juu ameficha tatizo, hajalitibu.

Kwa hiyo piga goti. Weka tochi nje ya kona, uso wako karibu na kioo, angalia ile silikoni ya kubeba kutoka chini hadi juu. Ikiwa nzima, utaona giza lililolingana, jeusi au la kijivu. Palipoachana na kioo pana weupe unaong'aa, kama ukucha ulionyanyuka kwenye nyama yake. Mapovu madogo yaliyotawanyika si neno. Mapovu yaliyoshikana yakafanya njia kutoka ndani kwenda nje ni njia ya maji. Weupe unaozidi robo ya upana wa kiungo, mimi sinunui bila kupanga kulifumua tanki zima.

Kisha chukua kadi, jaribu kuiingiza chini ya ukingo wa silikoni ya kuziba, bila kutumia nguvu. Ikiingia na ukanda ukanyanyuka, au ukiuminya kwa kucha ukabaki na kovu bila kurudi, au ukimeguka kama chaki, imechoka. Hiyo peke yake inatibika: unakwangua yote kwa wembe, unasafisha kioo kwa spiriti, unapaka upya, unaacha wiki nzima ikauke. Chagua silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni yenye dawa hiyo huua samaki.

Mikanda ya juu, yaani vipande vya kioo vinavyopita juu kwa urefu au kukatiza katikati, isukume kwa kidole gumba kutoka chini. Isicheze hata kidogo. Kama mmoja umevunjika na muuzaji anasema "huo ni wa kuweka taa tu", mwambie taratibu kwamba sivyo. Ndio unaozuia kioo cha mbele kisitoke tumbo.

Stendi

Stendi nyingi huku ni za chuma cha mraba zilizochomelewa mtaani, na nyingi ni nzuri. Kagua viungo vya chini, pale maji ya chumvichumvi na unyevu hukaa. Gonga kwa funguo: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Stendi ya mbao za vipande vilivyobanwa, ikiwa imevimba chini kama mkate uliolowa, iache hapohapo.

Mguu wa chuma usikae moja kwa moja juu ya kigae. Utie sahani ya chuma au mbao ngumu chini yake.

Usawa unapimwa kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kama mafundi ujenzi wanavyopima msingi. Pima kona zote nne. Stendi kuinama kidogo upande mmoja, milimita mbili tatu, ni kasoro ndogo. Kujipinda ni kubaya kuliko kuinama, yaani kona tatu zikae sawa na ya nne ining'inie. Hapo kioo cha chini kitalazimishwa kufuata pindo hilo chini ya mzigo wa maji, na kioo hakijui kupinda. Rekebisha kwa kuweka vibanzi chini ya miguu ya stendi, kamwe si chini ya kioo. Tanki ambalo kioo chake cha chini kinakaa wazi juu ya ubao huwekewa shiti ya povu gumu. Tanki lenye fremu ya plastiki chini, ambayo uzito wake hukaa kwenye kingo tu, haliwekewi.

Mabomba

Matanki makubwa mengi yana kisanduku cha kona chenye meno. Maji hufurika kupitia meno, hushuka kwa bomba hadi tanki dogo lililo chini, yaani sampu, na pampu huyarudisha juu. Ni mfumo mzuri, na unaweza kukufurikishia sebule kwa njia mbili.

Anza na konekta zilizofungwa kwenye matundu ya kioo. Ni ndugu wa zile za simtanki. Mpira wake unapaswa kuwa upande wa maji, na nati upande mkavu. Shika konekta kwa mkono, jaribu kuizungusha. Ikizunguka, mpira umekufa, lakini ni kitu cha kubadilisha. Mulika kuzunguka tundu: kama kuna nyufa ndogo zinazotoka kwenye tundu kama miale ya jua, mtu alikaza nati kwa spana, na tanki hilo limekwisha. Nati hii hukazwa kwa mkono, kisha robo mzunguko basi.

Bomba za PVC zilizogundishwa hazifunguki. Kama hakuna yunioni, yaani kiungo cha bomba kinachofunguliwa kwa kuzungusha, itabidi ukate ili usafirishe. Acha kipande cha sentimita saba hivi kutoka kwenye konekta, upate pa kugundisha soketi. Nimeona kijana amekata usawa wa konekta, na ikabidi atafute konekta nyingine ya saizi ile mji mzima. Kitu chochote cha shaba au cha chuma kilichopakwa zinki kinachogusa maji kitoe. Shaba kidogo tu inadhuru samaki, na konokono hufa mapema zaidi.

Bomba la kushusha maji la inchi moja, kwa mvutano wa kawaida tu bila pampu, lihesabie lita 2,000 kwa saa hivi. La inchi moja na nusu linafika 4,000 na zaidi. Pampu isizidi uwezo huo. Ningependa kuona mabomba mawili ya kushusha, la pili likiwa kavu muda wote kwa ajili ya siku la kwanza litakapozibwa na jani au konokono. Hilo la pili lisiwekewe koki. Atatokea mtu wa kuifunga.

Sasa zile njia mbili za mafuriko.

Ya kwanza ni umeme kukatika. Pampu ikizima, bomba la kurudisha linageuka kuwa mrija, kama mtu anayefyonza petroli kwa mpira, na maji ya juu yanashuka mpaka mdomo wa bomba utakapopata hewa. Tanki letu lina eneo la sentimita za mraba 10,800, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 10.8. Mdomo wa bomba ukizama sentimita 3 chini ya uso, lita 32 zitashuka, pamoja na zile za ndani ya mabomba na kisanduku. Sampu iwe na nafasi tupu ya lita 40 hadi 45. Ikiwa haina, pandisha mdomo wa bomba au utoboe kitundu cha milimita 5 kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, kivute hewa mapema. Kitundu hicho huzibwa na mwani, kisafishe kila mwezi. Valvu ya kuzuia maji kurudi ni msaada, lakini konokono mmoja aliyekwama anatosha kuiacha wazi, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Ya pili ni bomba la kushusha kuziba huku pampu ikifanya kazi. Pampu itahamishia juu maji yote ya chumba chake ndani ya sampu. Chumba cha sentimita 30 kwa 40 chenye kina cha 25 kina lita 30, na zitapandisha tanki letu karibu sentimita 2.8. Pima kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa juu. Ukiwa na sentimita nne, umelala salama. Ukiwa na mbili, punguza chumba cha pampu.

Kulijaza

Mwambie muuzaji utalipia maji. Ni ndoo 33 za lita 20, na ni gharama ndogo kuliko kapeti. Tanki liwe juu ya stendi yake, sawa kwa leveli, na karatasi za gazeti zimetandazwa kuzunguka chini, maana gazeti huonyesha tone moja ambalo kigae hulificha.

Kabla ya maji, vuta uzi kutoka kona hadi kona kwenye kioo cha mbele, usawa wa juu, upime nafasi kati ya uzi na kioo katikati. Jaza robo, subiri. Jaza nusu, subiri. Watu wengi huishia nusu, wanasema limeshika. Lakini kina cha nusu kinaleta robo tu ya nguvu: kilo 81 badala ya 324. Kina cha robo tatu kinaleta kidogo zaidi ya nusu. Tanki lililojazwa nusu bado halijajaribiwa. Likijaa, pima tena uzi. Kutoka tumbo milimita moja au mbili kwa urefu huu ni kawaida. Ikizidi tatu, naanza kuyatoa maji.

Liache saa 48 angalau, kama muuzaji ana subira. Mama mmoja wa Pasiansi aliniambia, "Mwanangu, liache hata wiki, mimi nina haraka gani?" Nilimwamkia kwa heshima kila asubuhi nilipopita kuangalia gazeti, na tanki lile bado liko kwangu.

Kusafirisha ni kwa watu wanne hadi sita, mikono chini ya kioo cha chini, wala si kwenye mikanda ya juu. Kirikuu chenye ubao ulionyooka na godoro jembamba kinatosha. Guta sikubali, na barabara zetu za miamba zinajulikana. Mchanga na mawe yote yatolewe kwanza, hata yawe kidogo.

Ukifika nyumbani unarudia kujaza upya, kwa sababu safari inaweza kufungua kiungo kilichokuwa kizima. Nyaya zote za pampu zishuke chini ya usawa wa plagi kabla ya kupanda, tone lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme, na uwe na breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Kisha washa pampu, acha saa moja, weka kipande cha tepu kwenye usawa wa maji ya sampu. Zima swichi. Simama hapo uangalie maji yakipanda mpaka yatulie, weka tepu ya pili. Washa, zima, mara tatu. Halafu ziba bomba la kushusha kwa kitambaa huku pampu ikizunguka, uone la pili linachukua mzigo au maji yanapanda hadi wapi. Andika usawa wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye sampu, kwa herufi ambazo hata binti wa kazi au mdogo wako atazielewa siku atakapoongeza maji wewe haupo.